KUFICHA UDHAIFU SI USHUJAA

Ndugu wafanya kazi,

Katika gazeti hili tumezoea kusoma habari za mishahara, za nyumba na za kupandishwa vyeo, na hayo yote ni mambo ya haki. Leo twaomba nafasi tuseme juu ya jambo lingine ambalo linaua wanachama bila kelele, nalo ni desturi yetu ya kuficha.

Sisi tunaoandika haya tu wafanya kazi wa njia, na kwetu ni Homa Bay na Migori. Reli haifiki kwetu. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na mpaka leo haijavuka kuja upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Basi mtu wa kwetu akitaka kazi ya reli ni lazima aache mji wake na kwenda kulala kambini pamoja na watu asiowajua. Mtu aliye mbali na kwao hujifunza upesi kujikaza. Anaumwa, anasema ni uchovu. Ana deni, anacheka kuliko wote. Amefiwa, anarudi kazini upesi na kusema amekwisha sahau. Wenzake wanamsifu kwamba huyu ni mwanamume kweli. Sisi pia tulisifu hivyo, na tulikuwa wajinga.

Katika gengi letu yuko mwenzetu mmoja ambaye ametupa ruhusa tuandike habari yake, ila jina tuliache. Ni mtu wa nguvu, mwepesi wa kubeba taruma, na mcheshi. Tulikaa naye karibu miaka miwili, wanaume wanne chumba kimoja, na hatukujua kwamba alikuwa akitumia dawa za virusi vya UKIMWI. Vidonge alivitia ndani ya kopo la majani ya chai, akavifunga kwa kitambaa visitoe sauti. Saa 3 ya usiku alisema anatoka kwenda haja, kumbe anakwenda kumeza. Siku tulizoitwa mbali kwa kazi ya ajali, au tulipokaa wote chumbani tukizungumza mpaka usiku mwingi, alikosa nafasi, akaacha. Siku ya kliniki ilipofika hakuomba ruhusa, maana kila mtu angemwuliza anaumwa nini. Akakosa kliniki ya kwanza, akakosa na ya pili. Halafu kikohozi kikaanza, na jasho la usiku, na mwili ukapungua. Tulipomwuliza alijibu kwamba ni vumbi la kokoto. Asubuhi moja akaanguka kando ya njia, nyundo ikiwa mkononi.

Tulimbeba. Huko hospitali walisema ni kifua kikuu, na hayo mengine tuliyasikia kutoka kinywa chake mwenyewe jioni ya siku ya tano tulipokwenda kumtazama. Mnyapara wetu alimwuliza, "Omera, mbona hukutuambia?" Naye akajibu, "Je, mngekubali kulala nami chumba kimoja?"

Hakuna aliyejibu haraka. Tulitazama chini, na kunyamaza kwetu ndiko kulikuwa jibu lake. Alikuwa akitujua kuliko tulivyojijua. Tangu jioni ile tumekuwa tukifikiri, na ndiyo sababu ya kuandika.

Tufikiri kwanza kwa akili ya kazi yetu. Mkaguzi wa njia hutembea kipande chake akitazama reli, bolti na mataruma. Akiona ufa katika reli hasemi moyoni mwake, "Nikilitangaza jambo hili nitaaibisha kipande changu." Hupandisha bendera nyekundu mara moja. Gari la moshi husimama, abiria hunung'unika, karani wa stesheni hupiga simu kwa ukali. Je, yuko mtu anayemwita yule mkaguzi mwoga? Hata mmoja. Wote twajua kwamba amewaokoa watu. Mwoga ni yule aliyeona ufa, akapita, akaandika katika kitabu kwamba njia ni salama. Basi mbona ufa ukiwa katika mwili wetu au nyumba yetu, anayepandisha bendera twamwita dhaifu, na anayeandika kwamba njia ni salama twamwita mwanamume?

Watu wa kwetu walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa katika Kenya mwaka 1984. Kwa Kijaluo uliitwa ayaki, maana unanyakua. Wengine walisema ni chira, yaani matokeo ya kuvunja mwiko wa ukoo, wakatafuta dawa za miti badala ya kwenda hospitali. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto katika siku zile, na twakumbuka. Baba alikonda, ikasemwa amerogwa. Mama akafuata, ikasemwa ni malaria. Makaburi yaliongezeka uani, na katika nyumba nyingi akabaki nyanya na wajukuu. Katika shule ya misheni tuliyosoma, mayatima walikuwa wengi darasani, na hatukumsikia mtu mzima hata mmoja aliyetaja kilichowaua wazazi wao. Tulifundishwa kumwungamia Mungu dhambi zetu. Kumwambia jirani kwamba tunaumwa hatukufundishwa. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba ugonjwa huu ni janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa. Kuficha hakukuwa kosa la mtu mdogo peke yake.

Mwaka 2001 hospitali ya wilaya ya Homa Bay ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za serikali katika Kenya kutoa dawa za kudhibiti virusi bila malipo, kwa msaada wa madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières. Huko Karungu katika Migori, wamisionari wa Mtakatifu Kamilo walikuwa na hospitali yao, na huko wakajenga makao ya mayatima yanayoitwa Dala Kiye. Hayo yalikuwa mambo makubwa, nasi twashukuru. Lakini dawa iliyo katika kabati la hospitali haiwezi kumfuata mtu aliyejificha chini ya blanketi nyumbani kwake. Ilihitaji mtu wa kusimama na kusema, "Mimi ninavyo virusi, nitazameni."

Katika nchi nzima, Joe Muriuki anajulikana kuwa Mkenya wa kwanza kujitangaza hadharani. Aligundua hali yake mwaka 1987, wakati ambapo habari ile ilikuwa sawa na kusomewa hukumu ya kifo, naye akaishi mpaka mwaka 2022. Huko kwetu waliosimama hawakuandikwa magazetini. Wengi walikuwa wanawake, tena wajane. Walisimama kanisani, katika baraza la chifu, na chini ya miti sokoni. Wengine walifukuzwa katika nyumba za kupanga, na samaki wao wakakosa mnunuzi. Hawakurudi nyuma. Walifanya vikundi, wakachangishana shilingi chache, wakafuga kuku, na aliyekosa kliniki wakamfuata mpaka nyumbani kwake. Wauguzi walipokuwa wachache, wao ndio waliokuwa wakifundisha wengine jinsi ya kumeza dawa.

Je, kazi yao ilizaa matunda? Tutazame hesabu. Mwaka 2012 watu wazima wa Ndhiwa, katika Homa Bay, walipimwa kwa uchunguzi mkubwa wa nyumba kwa nyumba. Katika kila watu 100, watu 24 walikuwa na virusi, na kati ya wenye virusi ni kama 40 tu katika kila 100 ambao virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa. Mwaka 2018 uchunguzi ukarudiwa. Wenye virusi walikuwa kama 17 katika kila 100, na waliodhibitiwa walikuwa 88 katika kila 100. Haya si mambo ya bahati. Mtu akimeza dawa sawasawa mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mkewe au mumewe kwa kulala naye. Jambo hili limethibitishwa na sayansi. Kwa hiyo kila aliyejitokeza alijiokoa mwenyewe na kumwokoa mwenzake. Nguvu ya watu wa Ndhiwa ilianza siku walipokubali kusema udhaifu wao.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018, Kenya nzima ilikuwa na watu wazima karibu 5 wenye virusi katika kila 100. Homa Bay walikuwa karibu 20, na Migori zaidi ya 10. Halafu mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ilikuwa ikilipa mishahara ya watumishi wengi wa kliniki hizi. Watu waliokuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani, ambao wengi wao wana virusi wenyewe, waliachishwa kazi kwa barua ya siku moja. Kliniki za pekee zikaanza kuunganishwa na foleni ya wagonjwa wote. Mtu aliyekuwa akijificha kidogo sasa ana sababu mpya ya kujificha kabisa, na yule aliyekuwa akibisha mlango wake hayuko tena kazini. Ndugu, hapa ndipo chama kinapohitajika.

Maana chama ni kitu gani? Tom Mboya alikuwa mtu wa kisiwa cha Rusinga katika Homa Bay, na kaburi lake liko huko. Tangu mwaka 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya, akiwa kijana wa miaka 23. Wafanya kazi waliomfuata hawakuwa na mali wala bunduki. Walichokuwa nacho ni kwamba kila mmoja alikubali kusema mbele ya mwenzake, "Mshahara wangu hautoshi, na peke yangu siwezi kumkabili mwajiri." Neno lile ni gumu kwa mwanamume, kwa sababu linakiri upungufu. Lakini ndilo lililozaa chama. Yule aliyejidai kwamba mshahara unamtosha na kwamba yeye hana shida hakujiunga, naye akafa njaa kwa heshima yake. Basi kadi ya chama tuliyo nayo mfukoni ni hati ya kukiri kwamba peke yetu hatuwezi. Tukiweza kukiri hivyo juu ya shilingi, kwa nini tusiweze juu ya maisha yetu?

Twajua yako majibu. Wengine watasema, "Ugonjwa wa mtu ni siri yake." Ni kweli, na sisi hatusemi mtu alazimishwe kujitangaza. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya UKIMWI, namba 14 ya mwaka 2006, inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la kupata kazi, inalinda siri ya kipimo chake, na inakataza kumbagua kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inakataza mwajiri kumbagua mfanya kazi kwa sababu ya virusi. Sheria hizi kila mwanachama azijue, na anayefukuzwa kwa sababu hiyo aje katika chama mara moja. Lakini siri ni kitu kimoja, na upweke ni kitu kingine. Mtu anaweza kuitunza siri yake mbele ya dunia nzima na bado awe na mwenzake mmoja au wawili wanaojua. Asiye na hata mmoja huishi kwa nusu ya moyo, maana nusu ya pili imewekwa kulinda mlango. Hawezi kufanya kazi kwa moyo wote, wala kupenda watoto wake kwa moyo wote, wala kusimama katika mgomo bila hofu kwamba mtu atamfichua.

Wengine watasema, "Mkisema, watu watacheka." Watacheka, ndiyo. Wale wajane wa kwetu walichekwa. Lakini kicheko hakijaua mtu bado, na kuficha kumeua wengi. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tunafika mahali panapotuuma zaidi. Mwanachama akifa, sisi ni hodari. Karatasi ya mchango hupita siku ile ile. Tunanunua jeneza, tunakodi gari la kupeleka maiti mpaka Oyugis au Mbita au Rongo, tunajaza basi la waombolezaji, tunasimama kaburini na kusema marehemu alikuwa ndugu. Lakini yule ndugu alipokuwa hai alikosa nauli ya kwenda kliniki, nauli ndogo sana kwa kulinganisha na gharama ya gari lile, na hakuna karatasi iliyopita. Hakuomba kwa sababu aliona aibu, na sisi hatukuuliza kwa sababu tuliona si adabu. Aibu yake na adabu yetu zilishirikiana kumwua. Kama tungeweza kuwahesabu wale tuliowazika kwa fahari baada ya kuwaacha wakiumwa peke yao, tusingethubutu kujiita chama cha kusaidiana.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya kwa matawi yote, na twaomba yazungumzwe katika mkutano.

Kwanza, mfuko wa maziko usiwe wa wafu tu. Sehemu yake itengwe kwa wagonjwa walio hai: nauli ya kliniki, chakula cha yule aliyelazwa, na karo ya mtoto mwezi ambao baba hawezi kazi. Mwekahazina aweze kutoa fedha hizo bila kutaja ugonjwa mbele ya mkutano.

Pili, kila tawi lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kifua cha kutunza siri. Wasiwe wasemaji hodari, maana wasemaji tunao wa kutosha. Wawe watu wanaojua kusikiliza. Mwanachama mwenye shida ya ugonjwa, ya deni, ya ulevi au ya nyumba iliyovunjika ajue mlango wa kugonga.

Tatu, chama kidai kwa mwajiri kwamba siku ya kliniki iwe ruhusa yenye malipo, na mfanya kazi asilazimishwe kumweleza msimamizi wa chini anaumwa nini. Karatasi ya hospitali itoshe. Hili lisiombwe kama hisani. Mtu akikosa kliniki kwa kuogopa kukatwa mshahara, mwajiri atampoteza fundi, na sisi tutampoteza ndugu.

Nne, wale wanaopelekwa kufanya kazi mbali waruhusiwe mapema kwenda kuchukua dawa za miezi kadhaa, na makambi yapewe masanduku yenye kufuli, kila mtu na lake. Mtu asilazimike kuficha uhai wake katika kopo la chai.

Tano, na hili ni la viongozi. Ninyi mnaoketi mbele, anzeni. Mwenyekiti akisimama na kusema kwamba mwaka fulani aliingia katika madeni mpaka akaogopa kurudi nyumbani, au kwamba alilia mwanawe alipokufa, vijana hamsini watapata ruhusa ya kusema yao. Wakubwa wakijifanya chuma, wadogo nao watajifanya chuma, na chuma pia hupasuka.

Tumalize kwa habari ya mwenzetu. Alikaa hospitali wiki kadhaa, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, akarudishwa katika dawa zake za zamani. Alipotoka alitaka kuomba ahamishwe kambi nyingine, mahali asipojulikana. Mnyapara alimfuata akamwambia, "Rudi chumbani kwako." Akarudi. Usiku wa kwanza hatukuwa na la kusema. Kila mtu alitazama kitanda chake. Ilipofika saa 3, mmoja wetu, ambaye hapo kwanza alikuwa wa kwanza kuwacheka wagonjwa, alimimina maji katika kikombe, akamsogezea, akasema, "Saa imefika, omera." Akameza mbele yetu. Halafu yule aliyemimina maji akakaa kitandani akatuambia jambo lake mwenyewe, ambalo hatuna ruhusa ya kuliandika. Na baada yake akasema mwingine. Usiku ule tulijua kwamba katika chumba cha watu wanne, watu watatu walikuwa wakijificha.

Leo yule mwenzetu yuko kazini, anabeba taruma kama zamani, na vidonge vyake viko juu ya rafu wazi, karibu na chumvi. Sisi wengine tunafanya kazi vizuri zaidi kuliko mwanzo, maana kazi ya njia yataka kumwamini mtu aliye nyuma yako. Hatukupata nguvu hii kwa kujikaza. Tuliipata usiku ule tulipoacha kujikaza.

Ndugu, bendera nyekundu iko mkononi mwako. Ukiona ufa, ipandishe, nasi tutasimamisha gari.

Wenu katika kazi,
Wafanya kazi wa njia, watu wa Homa Bay na Migori